Mifupa Yenye Kutu

Mimi ni mwalimu wa fasihi, na kwa miaka ishirini na sita nimewafundisha watoto wa watu kwamba shairi halisemi linachosema. Mwanafunzi akiniambia mvua iliyo katika shairi ni mvua, nilikuwa namwuliza kama amekuja kusoma fasihi au utabiri wa hali ya hewa. Darasa linacheka, mwenyewe anakaa chini, tunaendelea. Nilijiona hodari. Haya ninayosimulia yalinipata Jumamosi moja, mchana kweupe, na tangu siku hiyo sijasahihisha shairi hata moja bila moyo kunidunda.

Nianze na kopo. Kila muhula nawapa darasa langu kazi ileile: shairi la maisha ya kila siku. Sitaki mapenzi, sitaki machozi ya yatima ambaye mwandishi hajawahi kumwona. Nataka ndoo, sahani, kitanda, foleni ya maji. Shairi linaandikwa bila jina, tena kwa mkono usiouzoea: wa kulia aandike kwa kushoto, wa kushoto kwa kulia, nisije nikamtambua mtu kwa mwandiko. Kisha linatumbukizwa kwenye kopo la biskuti lililo juu ya meza yangu. Hakuna kumtafuta mwenye shairi, na mwenye shairi hajitaji, si kwa wenzake, si kwangu. Nilianzisha utaratibu huo baada ya kujigundua kwamba nawapendelea watoto wenye adabu. Niliulinda kama askari anavyolinda geti, na kila aliyekuja kunichokonoa nijue lake ni lipi alitoka ofisini kwangu mbiombio.

Jumanne ya wiki hiyo nilitia mkono kwenye kopo, nikatoa karatasi yenye mwandiko wa kuku, nikasoma kwa sauti:

Mlango wetu wa jiko, siku hizi haufungi,
Baba atia kiwiko, na kitasa hakigongi,
Ufa waanzia huko, juu hadi kwa msingi,
Nyumba yetu yasogea, nasi ndani tumelala.

Nikiangusha goroli, yakimbilia konani,
Haichagui ya pili, ni ileile nyumbani,
Vumbi kama unga hili, lashuka kwenye sahani,
Nyumba yetu yasogea, nasi ndani tumelala.

Nguzo chini yajikuna, ngozi yaanza kutoka,
Mifupa yaonekana, yenye kutu na kuchoka,
Mashine chini zanena, vikombe vyatetemeka,
Nyumba yetu yasogea, nasi ndani tumelala.

Nilipomaliza, darasa lilipiga makofi bila kuambiwa. Na mimi nilipiga. Mizani imetulia, vina vimekaa, na kile kibwagizo kilinipandisha baridi mgongoni. Nikagawa ubao katikati kama kawaida yangu, kushoto nikaandika TASWIRA, kulia nikaandika HALI, nikawaachia uwanja.

Walichambua, tena walichambua vizuri, kwa sababu nilikuwa nimewafundisha vizuri. Mlango usiofunga, akasema mmoja, ni familia isiyo na siri tena. Goroli inayokimbilia kona moja ni mtoto wa maskini, hana njia ya pili. Nguzo inayojikuna ni baba mwenye nyumba, uzee unamwingia. Vumbi kama unga niliwafafanulia mwenyewe: unga ni riziki, vumbi ni ufukara, mshairi amevikutanisha kwenye sahani moja. Upande wa HALI niliandika HOFU kwa herufi kubwa, nikapiga mstari chini, halafu nikapiga wa pili.

Ndipo Redio akanyoosha mkono. Redio ni msichana wa kiti cha pili, na jina hilo tulimpa kwa kuwa hazimiki; habari za shule anazitangaza kabla mkuu wa shule hajazipata.

"Mwalimu," akasema, "labda nguzo ni nguzo tu."

"Na mifupa yenye kutu nayo ni nini, bibi mtangazaji?"

Darasa likaangua kicheko. Redio akafungua mdomo, akatazama kopo, akaufunga. Nikadhani nimemshinda.

"Kwenye shairi, mwanangu, nguzo haiwi nguzo tu," nikamwambia. "Keti. Tena hapo kwenye kutu ndipo mwenzenu alipoteleza. Mfupa hauli kutu. Taswira imegongana na taswira." Nikampa mshairi yule tisa kwa kumi. Alama moja nilimkata kwa sababu ya kutu, na kalamu nyekundu ikaandika pembeni: "Fikiri kabla ya kuandika."

Jumamosi asubuhi mdogo wangu wa kiume alikuja kunipigia lipu nyuma ya sinki la jikoni. Ni fundi mwashi, mwenye mvi kunizidi japo nimemtangulia miaka minne, na mdomo wake haujawahi kuniheshimu. Tangu tukiwa wadogo huniuliza mashairi yanajenga choo cha matundu mangapi. Siku hiyo alinikuta na rundo la karatasi mezani.

"Dada, hao watoto wanaandika nini safari hii? Maua na nyota?"

"Wanaandika milango na sahani. Mambo ya kila siku. Hata wewe ungeelewa, kama masikio yako hayajajaa saruji."

"Haya, nisomee. Nikilala utaniamsha."

Nikamsomea lile la mlango, kwa sauti yangu ya darasani, mkono mmoja hewani. Alikuwa amepiga magoti, mwiko umejaa udongo wa saruji, anapaka na kuguna. Nilipofika goroli, mguno ukakatika. Nilipofika nguzo, niliona mwiko umesimama ukutani na saruji inadondoka sakafuni, naye haangalii.

"Rudia," akasema.

"Umependa, eh?"

"Rudia, dada. Polepole."

Nikarudia. Safari hii mkono haukuwa hewani.

"Mlango ukigoma kufunga wakati hakuna mvua ya kuuvimbisha," akasema, "basi fremu imekwenda upande. Na fremu haiendi upande kwa kupenda kwake. Goroli ikikimbilia kona moja kila siku, sakafu imeinama. Hilo vumbi ni dari inasagika. Nguzo kutoka ngozi ni zege linabanduka."

"Ni taswira," nikasema, lakini sauti yangu niliisikia nyembamba.

"Na hiyo mifupa."

"Hapo nilimkata alama. Mifupa haishiki kutu."

"Nondo inashika." Aliweka mwiko chini taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. "Nondo ndiyo mifupa ya nguzo, dada. Ikiwa mtoto anaiona kwa macho, na imeshakula kutu, na chini kuna mashine inatikisa... Huyu hajaandika shairi. Ameandika ripoti. Anakaa wapi?"

"Sijui."

"Ni nani?"

"Sijui."

"Mwanafunzi wako, na humjui?"

Nikamweleza habari ya kopo, na mkono usiozoeleka, na kutojitaja. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mjinga. Alinisikiliza mpaka mwisho, mtu ambaye hajawahi kunisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo umewafundisha kujificha," akasema.

Wanafunzi wangu ni arobaini na mmoja, na popote mjini humo nyumba arobaini na moja zilikuwa na watoto wanaoosha vyombo asubuhi hiyo, na moja kati ya hizo ilikuwa inasogea. Niliisoma ile karatasi tena kwa macho ya kumtafuta mtu, jambo nililokuwa nimelipiga marufuku mwenyewe. Nani ana baba, mama hatajwi? Nani anacheza goroli? Nani anakaa juu ya mashine? Kila sura iliyonijia niliiona imelala chini ya dari.

Kisha nikaukumbuka ule mkono ulionyooshwa darasani. Labda nguzo ni nguzo tu. Mtoto asiyezimika alikuwa amezimika mwenyewe, amelitazama kopo, amekaa. Simu iliniponyoka mara mbili kabla sijampata kiranja wa darasa.

"Redio anakaa wapi?"

"Juu ya mashine ya kusaga, mwalimu, nyuma ya stendi ya mizigo. Ghorofa ya pili. Kwani amefanya nini tena?"

Namba ya mama yake haikupatikana. Tukaingia kwenye pikapu ya mdogo wangu, ngazi na ndoo zikigongana nyuma, viatu vyangu vya ndani miguuni. Njiani nikapiga zimamoto. Kijana aliyepokea alikuwa mpole kabisa.

"Jengo limeanguka, mama?"

"Halijaanguka."

"Linawaka?"

"Haliwaki. Linataka kuanguka."

"Mmejuaje?"

Ningesema nini, kwamba nimesoma shairi? Mdogo wangu akaninyang'anya simu huku anaendesha, akamtajia nguzo na nondo na ghorofa, akasema maneno mengine ambayo mama yetu angempigia kofi. Kijana akasema watakuja wakipata gari, kwa kuwa gari lilikuwa kwenye kazi nyingine.

Jengo lenyewe lilikuwa la kawaida, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Ghorofa mbili juu ya chumba cha mashine, rangi ya kijani iliyopauka, nguo zimeanikwa, mtoto ananing'iniza mguu kwenye kibaraza cha juu. Nilikuwa nimepita mbele yake mara mia. Chini mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma, foleni ya watu na ndoo zao imefika barabarani, na msagaji amekuwa mweupe mpaka nyusi. Nguzo ilikuwa palepale kando yake, nene, imeegemezwa magunia.

Mdogo wangu aliyasogeza magunia mawili. Alichuchumaa, akagonga kwa kifundo cha kidole kama anayebisha hodi. Kisha akashika kipande cha zege kwa vidole viwili, akakivuta, kikatoka kama ganda la yai lililochemshwa. Nyuma yake niliziona. Nondo nne, nyekundu kwa kutu, zimejikunja kwa nje kama magoti ya mzee anayejaribu kusimama. Nimemwona mdogo wangu akizika wazazi wetu wote wawili na bado akapata la kuchekesha. Siku hiyo uso wake haukuwa na chochote.

"Zima mashine," akamwambia msagaji.

"Una wazimu? Huoni wateja?"

Hakubishana. Alinyoosha mkono, akateremsha swichi kubwa ya ukutani. Ngurumo ikashuka, ikafa. Watu wakaanza kulalamika, halafu wakaacha, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu mashine iliponyamaza tulisikia kitu kingine. Kilikuwa kinatoka juu yetu na ndani ya ukuta, tik, kikanyamaza, tik. Msagaji alitazama dari, akatazama nguzo yake aliyoiegemezea magunia mwaka mzima, akatoka nje bila kuchukua hata kofia.

"Dada," mdogo wangu akasema kwa sauti ya chini sana, "watu wa juu watakusikiliza wewe, mwalimu. Mimi wataniona mwizi. Panda ukawatoe. Usikimbie kwenye ngazi, usimruhusu mtu akimbie. Wasibebe kitu."

Nataka niseme nilipiga moyo konde nikapanda. Si kweli. Nilishika reli ya ngazi nikabaki pale, na nilimchukia mdogo wangu kwa kunituma. Nilikuwa naogopa kufa, kwa uwazi kabisa, kama mtoto. Kilichoninyanyua ni aibu tu. Nilikumbuka maandishi yangu mekundu pembeni mwa ile karatasi, na aibu ikawa nzito kuliko woga, kwa kiasi kidogo.

Ghorofa ya kwanza niligonga milango mitatu. "Tokeni nje, jengo bovu, tokeni hivyohivyo mlivyo!" Mwanamke mmoja alinitukana. Bibi mmoja aliniuliza kama mimi ni mtu wa sensa. Lakini sauti ya ualimu ina faida yake, nayo niliitumia yote. Watu wazima walianza kutoka wakifunga kanga, hawajui hata wanamtii nani.

Ghorofa ya pili mlango ulikuwa wazi, umegota sakafuni. Redio alikuwa anaosha vyombo kwenye beseni. Aliponiona, sahani ilimtoka mkononi, na kwa macho yangu niliiona ikiserereka juu ya sakafu yenye maji mpaka kona, ikagonga ukuta, ikatulia.

"Mwalimu," akasema, na hapohapo akaanza kulia.

Mama yake alitoka chumbani na mtoto mgongoni. Baba yake, mlinzi wa usiku, alitoka nyuma yake na macho mekundu ya usingizi uliokatizwa. Alikuwa mtu mkubwa na mwenye heshima, akaniita mwalimu, akanitafutia kiti.

"Siketi, baba. Tunatoka nje sote. Nguzo ya chini imekwisha."

"Nani amesema?"

"Fundi. Na binti yako."

Akageuka akamtazama Redio, na nikaelewa kwa mtazamo ule kwamba habari hii haikuwa ngeni humo ndani.

"Nilikukanya nini?" akamwuliza.

"Nisiseme," Redio akasema.

"Mwalimu, nisikilize. Mwenye nyumba alishamtoa mtu humu kwa kusema ukuta una ufa. Alimwambia anachafua jina la nyumba. Vitu vyake vililala mvuani. Mimi nina watoto watatu. Kwa maneno ya mtoto nitawapeleka wapi?"

Vumbi jeupe lilishuka kati yetu, dogo, laini, likatua juu ya nywele za mtoto aliyekuwa mgongoni kwa mama. Mama ndiye aliyeliona. Alimshika mwanawe wa pili mkono, akanipita, akaanza kushuka ngazi, na Redio nyuma yake. Baba akabaki anatutazama, kisha akafuata, bila viatu.

Wateja wa mashine na msagaji walikuwa wameshatawanyika; nje tulibaki kumi na tisa. Mdogo wangu alitusogeza ng'ambo ya barabara, akavuta kamba kati ya pikapu yake na nguzo ya umeme. Tukasimama, tukalitazama jengo. Nalo likatutazama.

Dakika kumi. Dakika ishirini. Nguo zilizoanikwa zilipepea vizuri tu. Mtu akakumbuka sufuria yake jikoni. Mwingine akauliza fundi huyu amesomea wapi. Nusu saa ilipofika, watu walikuwa wanacheka, cheko lile la watu walioogopeshwa wakaona haya. Yule aliyenitukana alisema kwa sauti ya kutosha kwamba wapo watu wastaafu wasiokuwa na kazi za kufanya Jumamosi. Mimi sijastaafu. Nilikuwa nimeanza kuomba jengo lianguke, na nikajiogopa kwa ombi hilo. Lisipoanguka, wangerudi ndani. Wangelala ndani.

Msichana mmoja alipenya chini ya kamba, mdogo wangu akamrudisha kwa kumshika kiuno. Wawili wengine wakasogea. Mimi na yeye tulikuwa wawili, wao kumi na saba.

"Sema shairi lako," nikamwambia Redio.

"Mwalimu, kanuni ya kopo..."

"Kanuni imekufa. Panda kwenye pikapu, useme."

Akapanda, akasimama kati ya ndoo, mikono ameibana kwapani. Sauti ya kwanza haikutoka. Ya pili ilitoka. Mlango wetu wa jiko, siku hizi haufungi.

"Na wangu!" akasema yule mwanamke mwenye matusi. "Wangu naupiga goti tangu mwezi uliopita. Nilisema ni bawaba."

Redio akaendelea. Kwenye goroli, bibi wa sensa alisema meza yake ameiwekea gazeti chini ya mguu mmoja, kila wiki anaongeza gazeti. Kwenye vumbi, minong'ono ilipita kwa wote kwa pamoja, kwa maana kila mmoja wao alikuwa akifuta sahani kila asubuhi na kusema ni unga wa mashine. Kila mtu alikuwa na kipande chake na kisingizio chake. Sasa walikuwa wanasikia vipande vyote kwa mpigo mmoja, na nikaona vicheko vikikauka midomoni. Kibwagizo cha pili watu wachache walikisema naye, bila kutaka, kama watu wanaoitikia dua.

Wakati huo ndipo nilipomwona baba yake. Alikuwa amepita nyuma ya pikapu, amezunguka kamba, amefika mlangoni mwa jengo, mkono juu ya mwimo. Zamu yake ilikuwa ianze jioni, na sare yake, buti zake na kirungu chake vilikuwa juu. Bila sare hana kazi. Alikuwa haendi kwa ujinga. Alikuwa anaenda kwa ajili ya watoto watatu.

Mdogo wangu alimwita, hakugeuka. Mke wake alimwita.

Redio akaacha shairi katikati ya mshororo.

"Baba," akasema, si kwa kupaza sauti. "Nguzo itakatika. Rudi."

Akasimama na mguu mmoja ndani. Sijui alifikiri nini. Niliona mgongo wake tu, mpana, fulana imetoboka begani. Niliona mkono ukiachia mwimo. Akageuka, akaanza kuja, kwa mwendo wa kawaida kwanza, kisha uso wake ukabadilika kana kwamba amesikia kitu nyuma ya shingo, akakimbia.

Jengo halikuanguka kama kwenye picha. Lilikaa. Chini kulikunja goti, na juu kukakufuata, ghorofa juu ya ghorofa, na nguo zilizoanikwa zikashuka bado zimening'inia kwenye kamba yake. Sauti ilikuja baadaye, na baada ya sauti likaja vumbi, jeupe, likatufunika sote tukawa rangi moja. Kwa muda hatukuonana. Nilisikia wanawake wakiita majina ya watoto wao, jina baada ya jina, na kila jina likaitikiwa. Sijawahi kusikia kitu kilichonitoa machozi kama yale majibu. Mdogo wangu alikuwa anahesabu kwa sauti, anashika kila kichwa kwa mkono. Alifika kumi na tisa, akaanza upya kwa sababu hakujiamini, akafika kumi na tisa tena, akaketi barabarani.

Zimamoto walifika na gari moja. Kijana mpole alikuwemo.

Baba yake Redio alikuwa amekaa ukingoni mwa mtaro, binti yake kando yake. Alikuwa amemshika kiganja kwa mikono yote miwili, anakitazama tu. Nikaenda nikachuchumaa mbele yao. Nilikuwa na swali, na nililiuliza kwa upole wote nilio nao, ambao si mwingi.

"Mwanangu, mbona hukuja ofisini ukaniambia ana kwa ana? Ungesema tu: mwalimu, nyumba yetu mbovu."

Redio aliniangalia kwa mshangao, si kwa hasira. Nywele zake zilikuwa nyeupe kama za bibi.

"Nilikuja, mwalimu. Jumatano, mapumziko ya saa nne. Nilisema, mwalimu, kuna kitu kuhusu shairi moja la kwenye kopo." Alisita, kwa adabu. "Ukasema hutaki kusikia. Ukasema, toka nje."

Nilijaribu kuikumbuka Jumatano hiyo. Walikuja wanne au watano, wote wa kuchokonoa alama, niliwafukuza wote bila kuinua uso kwenye madaftari. Sikumbuki sauti ya yupi ilikuwa yake. Nimejaribu kila siku tangu siku hiyo, na bado sikumbuki.